Kornelia Tluway, Aliyewaondoa Watu Pembeni ya Lami

Padre wetu, wazee, ndugu na majirani wa Tumati, na ninyi wageni wetu mliopanda milima kutoka Hanang, shikamooni. Naitwa Loveness, ni mtoto wa Patriki, na Patriki ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Niko kidato cha tatu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya bibi kwa sababu, kama alivyosema shangazi Judith, mimi ndiye niliyemsumbua kwa maswali kuliko wajukuu wote. Mengi yaliyomo humu aliyasema mwenyewe. Mengine nimeyapata kwa babu, ambaye amesoma karatasi hii kabla yenu na kukata mambo mawili tu.

Kornelia Tluway alizaliwa tarehe 14 Septemba 1956 hapa hapa Tumati, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Tluway Amnaay na Mama Zita. Wazazi wake walilima mahindi, maharage na vitunguu saumu, na walikuwa na ng'ombe wachache. Shamba lao la maharage lilikuwa katikati ya kanisa na kisima, kwa hiyo watu wote wa upande huu walikatiza ndani yake. Mzee Tluway aliweka miiba, watu wakairuka. Akaweka magogo, wakakaa juu yake kupumzika. Kornelia, akiwa na miaka kama kumi, alichukua jembe akachonga njia ya kuzunguka shamba, akapanga mawe penye tope, na akasawazisha mahali pa kutua ndoo chini ya kivuli. Mvua za mwaka ule zilipoisha, maharage yalikuwa yamesimama vizuri, hayajakanyagwa.

“Nani amewahamisha watu shambani kwangu?” baba yake aliuliza.

“Mimi, baba.”

“Nimewafukuza mwaka mzima hawakusikia. Wewe umewaambia nini?”

“Sikuwaambia kitu. Nimewatengenezea pazuri zaidi.”

Mzee Tluway alicheka, halafu akamchapa kidogo, maana jembe lilikuwa la jirani na lilikuwa limevunjika mpini. Njia yenyewe ipo. Wengi wenu mmepita hapo asubuhi hii mkitoka kanisani.

Alianza shule ya msingi hapa Tumati mwaka 1964. Alipomaliza alichaguliwa kwenda sekondari ya wasichana ya bweni mkoani Kilimanjaro, na hapo ndipo alipojifunza safari ni kitu gani. Alisema safari ya kwenda shule ilikuwa vipande vipande: kwanza miguu mpaka Dongobesh, halafu lori la mahindi, halafu basi la Arusha, halafu basi lingine. Na katikati ya kila kipande kulikuwa na kungoja. Kungoja juani, kungoja mvuani, kungoja ukiwa umekalia sanduku lisiibiwe, hujui gari litakuja saa ngapi na ukitaka kwenda haja uende wapi. Wenzake walilalamika wakazoea. Yeye alibaki na swali: barabara ina mtu aliyeipanga, basi lina mtu aliyelitengeneza, je, huku kungoja kulipangwa na nani? Alimwuliza mwalimu wa jiografia. Mwalimu akafikiri, akamwambia hakuna. Bibi alisema lile jibu lilimkasirisha na kumfurahisha kwa pamoja, kwa sababu maana yake kulikuwa na kazi ambayo bado haijachukuliwa na mtu.

Mwaka 1977 alijiunga na masomo ya mipango miji katika chuo cha ardhi, Dar es Salaam, akiwa mmoja wa wasichana wachache sana darasani. Kila walipoambiwa wachore mji, wenzake walianza na soko, au benki, au nyumba ya mkuu wa wilaya. Yeye alianza na mahali ambapo mgeni anashuka kwenye gari. Walimpa jina, Mama Stendi, wakidhani wanamtania. Alihitimu mwaka 1980 na lile jina akaondoka nalo.

Aliajiriwa Dodoma, akahamishiwa Singida mwaka 1982, na ni huko Singida ndiko alikompata babu yetu. Alikuwa amepewa kazi ya kupanga eneo la kugeuzia mabasi. Vitabu vilikuwa na vipimo, lakini vya mabasi ya nchi nyingine. Akaamua aende gereji. Alikuta basi limeinuliwa na chini yake miguu ya mtu imetokeza.

“Kaka, samahani. Basi hili likikata kona linataka nafasi kiasi gani?”

“Inategemea dereva,” ile miguu ikajibu.

“Wewe unaliendesha?”

“Nikishalitengeneza, naliendesha.”

Aliyetoka chini ya basi alikuwa fundi Yohanes Agustino. Walilipeleka basi kwenye uwanja wa mpira, yeye akawa anazunguka na bibi anapima alama za matairi kwenye vumbi. Alipomaliza, bibi akamwambia azunguke tena, safari hii aendeshe kama mtu aliyechoka.

“Nitachoka vipi, dada, na wewe ndiyo kwanza umenipa kazi?”

“Dereva wa Mwanza atafika hapa amechoka. Eneo hili ni lake, si lako.”

Babu anasema alizunguka mpaka akaanza kuogopa mafuta ya mwenye basi. Anasema siku ile alijua kabisa kwamba mwanamke huyu atamzeesha, akaona afadhali azeeshwe na huyu kuliko na mwingine. Walifunga ndoa tarehe 19 Novemba 1983. Mungu akawajalia watoto watatu, Patriki, Judith na Yonas. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, bibi alihamia kufanya kazi Babati, na wakajenga nyumba Katesh, ambako babu alifungua gereji yake.

Hapa naomba nieleze kazi yake, kwa sababu mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilidhani mpangaji wa miji ni mtu wa kuchora nyumba. Siku moja, nikiwa darasa la sita, bibi alinikalisha mezani akamwaga punje za mahindi. Punje ni watu, akasema. Maharage ni bodaboda, vidole vya vitunguu saumu ni Hiace, viberiti ni mabasi. Akachora barabara kuu kwa unga.

“Haya, Loveness. Huyu ametoka Yaeda Chini kwa bodaboda, njia yote mashimo, amebeba asali. Anataka kufika Babati. Atashukia wapi?”

Nikaonyesha.

“Basi la Babati liko upande wa pili. Atavukaje?”

Nikaonyesha.

“Umemgongesha. Haya, tuseme amevuka. Basi limechelewa. Atakojoa wapi?”

Nikaanza kucheka.

“Unacheka nini? Kama hujui atakojoa wapi, hujapanga kitu. Umechora tu.”

Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kwenye karatasi za ofisi inaitwa kituo unganishi. Ni mahali pamoja kando ya barabara kuu, ambapo mtu anashuka kwenye chombo kimoja na kupanda kingine, awe amekuja na basi, bodaboda, bajaji, punda au miguu yake, bila kukanyaga lami ambayo magari yanapita kasi. Watu wanaita stendi. Bibi alisema hata yeye anaita stendi, isipokuwa akiomba bajeti.

Sasa nafika mahali ambapo bibi mwenyewe alikuwa anaweka kikombe chini kabla ya kuendelea.

Lami ilipokamilika kati ya Babati na Singida, kila mtu alifurahi. Magari yakaongeza mwendo. Lakini watu waliendelea kungoja palepale walipongojea wakati wa vumbi, pembeni kabisa, ncha za viatu zikigusa lami, ili dereva asiwapite. Tarehe 8 Agosti 2013, mdogo wake bibi, Oliva, alikuwa amesimama hivyo kwenye Njiapanda ya Gidamur, pale ambapo barabara inayoshuka kutoka milima ya Mbulu inakutana na barabara kuu. Alikuwa ametoka huku Tumati na gunia la vitunguu saumu, anakwenda Katesh kumsalimia dada yake. Fuso lililokuwa linakwepa ng'ombe likamfuata hapo alipo. Alifariki palepale. Bibi alikuwa Katesh, ameshapika, anamngoja.

Baada ya mazishi alimwambia babu maneno ambayo babu anayakumbuka yote: “Yohanes, hakuna mtu mwingine atakayengojea gari pale kwenye lami. Sitamfukuza mtu. Nitapanga mpaka waondoke wenyewe.”

Akaanza kwa kukaa. Siku za mnada na siku zisizo za mnada alikaa Gidamur na chupa yake ya chai, akiangalia. Aliona kwamba watu wa huku hatumwachi msafiri aende peke yake, tunamsindikiza mpaka gari lipotee. Aliona kwamba akina mama wa Kibarbaig wanakuja na punda, na punda anahitaji kuachwa na mtu, na huyo mtu anahitaji kivuli. Aliona njia ya ng'ombe wa mnada inavyokata barabara. Yote akayachora. Mwenzake mmoja ofisini alipoona mchoro akamwambia, “Kornelia, hii ni stendi au ni zizi?”

“Stendi. Zizi liko upande huu, na kati yao kuna ukuta. Ng'ombe asipopewa njia yake atatumia ya basi.”

“Na haya mabenchi yote? Abiria wako hawafiki hata nusu yake.”

“Abiria mmoja wa kwetu anakuja na mama yake, shangazi yake, na jirani aliyefuata kuhakikisha kwamba kweli anaondoka. Unataka hao wakae wapi, kichwani kwako?”

Wazee wanne wa Kibarbaig wa Gidamur walikubali kutoa sehemu ya malisho yao, na hilo si jambo dogo kwa mfugaji. Stendi ikajengwa na kufunguliwa tarehe 2 Mei 2015. Ilikuwa na vibanda vinne vya kusubiria: kimoja cha kwenda Katesh na Singida, kimoja cha Babati, kimoja cha Mbulu, na kimoja cha bodaboda zinazokwenda vijijini mpaka Yaeda Chini. Kijiji kikaamua kwamba ili kuwashukuru wazee wale wanne, kila kibanda kipewe jina la mzee mmoja. Bibi aliona ni heshima nzuri kabisa. Alisimamia mwenyewe maandishi, makubwa, meusi, yanayosomeka mtu akiwa mbali. Majina hayo mtanisamehe siyasomi hapa. Mtaelewa ni kwa nini.

Wanaume waliingia stendi. Wanafunzi waliingia. Akina mama wa Gidamur walibaki pembeni ya lami. Na kwa kuwa hao ndio waliokuwa abiria wengi, wenye maziwa, kuku na mayai ya kupeleka sokoni, mabasi yaliendelea kusimama pembeni kuwafuata. Abiria wa ndani wakiona basi limesimama nje, nao wanatoka mbio. Ikafika kiangazi, stendi nzuri, mpya, imejaa mbuzi. Wakubwa fulani wakaanza kusema kwamba kama watu hawaitaki, eneo ligeuzwe yadi ya malori, na mabasi yaruhusiwe kusimama barabarani kama zamani. Bibi akapewa mpaka mwisho wa mwaka.

Wengine walimwambia watu wa Gidamur ni wakaidi. Neno hilo hakulikubali. Alidhani ni upepo unaoshuka kutoka Mlima Hanang, akageuza mabenchi. Hawakuingia. Alidhani ni jua, akaongeza paa. Hawakuingia. Alidhani ni vyoo viko karibu na wanaume, akavihamisha. Walikuja kutumia vyoo, wakarudi barabarani. Babu anasema miezi ile bibi alikuwa halali vizuri, na gari likifunga breki kwa nguvu huko nje alikuwa anasimama.

Mwisho akaacha kuongeza vitu. Akaenda kukaa nao palepale kwenye lami, kwenye vumbi. Aliyekuwa karibu naye ni Mama Irene, ambaye leo yuko hapa, amekaa pale mbele.

“Shikamoo, mama,” Mama Irene akamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyote? Mbona mmekaa huku, na kule kuna kivuli?”

“Huku kuna hewa nzuri.”

Fuso likapita, likawafunika vumbi wote. Wakacheka.

“Nimeiona hewa yenyewe,” bibi akasema. “Unakwenda wapi leo?”

“Katesh.”

“Kibanda cha Katesh unakijua?”

Mama Irene akakionyesha kwa kidevu.

“Kinaitwaje?”

Mama Irene na wenzake wakaangalia miguu yao. Bibi akafikiri labda hawajui kusoma na wanaona haya, akataka kuwasaidia, akaanza kusoma maandishi kwa sauti. Hakufika katikati ya jina. Akina mama walijifunika nyuso, mmoja akainuka akaondoka kabisa.

“Mama, nyamaza, tafadhali,” Mama Irene akasema. “Huyo ni baba yake mume wangu.”

Kwa Wabarbaig, mwanamke akiolewa halitaji jina la baba mkwe wake, wala la wazee wa ukoo wa mumewe. Halitaji kabisa, mpaka kufa, na hata maneno yanayokaribiana na jina hilo anayatafutia mengine. Ndiyo heshima yenyewe. Sasa dirishani mkata tiketi alikuwa anamwuliza kila mtu, “Kibanda cha nani, mama?” Na wapiga debe walikuwa wanazunguka wanayaita majina ya wazee wale kama wanauza nyanya.

“Na kibanda kinachofuata?” bibi akauliza taratibu.

“Hicho ni cha kwangu,” akasema mama mwingine.

“Na kile cha kule mwisho?”

“Cha wale wawili pale.”

Mama Irene akamwangalia bibi akamwambia, “Tulikuona unahangaika na mabenchi, tukakuonea huruma. Umetujengea stendi, mama, halafu ukaweka baba mkwe kila mlangoni. Tupite wapi?”

Bibi alisema alicheka mpaka akakaa chini kwenye changarawe, na wao wakacheka, halafu akajikuta analia, na hakuna aliyemwuliza analia nini kwa sababu kisa cha Oliva walikuwa wanakijua. Sisi Wairaqw tumeishi na Wabarbaig miaka yote, tunauziana ng'ombe, tunaoana, na bibi na ofisi yake yote hawakulifikiria jambo hilo. Wazee wenyewe hawakulifikiria, maana mzee hakeshi akiwaza nani hawezi kumtaja.

Likabaki la kuwaambia wazee. Kumwambia mzee kwamba jina lake litoke ukutani, ninyi wenyewe mnajua. Alikwenda na babu, wakaamkia kwa zamu, wakanywa maziwa, wakaulizana habari za mvua na za mifugo mpaka zikaisha. Ndipo bibi akasema.

Mzee aliyekuwa mkubwa kuliko wote akauliza, “Kwa hiyo nimekosa nini?”

“Hujakosa, baba. Umeheshimiwa. Wake za wanao wanakuheshimu mpaka wako tayari kugongwa na gari kuliko kukutaja.”

Mzee akamgeukia mwenzake wakasemezana kwa lugha yao. Kisha akasema, “Futa.” Mwenzake naye akasema, “Langu pia. Lakini usifute kwa chokaa, itaonekana kama nimefanya aibu.”

Majina yakahamishiwa kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, upande wanaoingia wanaume, na wazee wakaona kwamba huko ndiko pa heshima zaidi. Kwenye vibanda zikachorwa picha. Kibanda cha Mbulu kikapata kitunguu saumu, cha Babati kikapata jogoo, cha bodaboda za vijijini kikapata mzinga wa nyuki. Cha Katesh kilitakiwa kuwa na ng'ombe. Mchora vibao, Nicodemo wa Katesh, alijitahidi sana, lakini pembe hazikumkubali, na mkia aliupinda juu. Mama Irene alikuwa wa kwanza kuingia. Alisimama dirishani, wenzake wote wanamwangalia kutoka barabarani, akasema kwa sauti:

“Naomba tiketi ya kwa mbwa.”

Nicodemo alitaka kurudi kuirekebisha. Bibi akamkataza asiiguse hata kidogo. Mpaka leo ukifika Gidamur ukauliza gari la Singida, utaambiwa nenda kwa mbwa.

Kufikia Krismasi ya mwaka 2015 stendi ilikuwa imejaa, na habari ya yadi ya malori hatukuisikia tena. Na hili nalisema kwa fahari, naomba mnivumilie nilisome polepole: tangu akina mama wale waingie ndani mpaka leo, hakuna mtu aliyegongwa akingojea gari Njiapanda ya Gidamur.

Bibi alistaafu mwaka 2016, lakini kustaafu kwake hatukukuona. Alisaidia kupanga vituo vingine kwenye barabara hiyo hiyo. Vijana wa vyuo walikuja nyumbani Katesh na kompyuta zao kumwonyesha michoro, naye alikuwa anawakaribisha chai, anaisifu rangi, halafu anawauliza, “Mmekaa na nani?” Wakisema hawajakaa na mtu, anawapa anwani: Gidamur, kibanda cha mbwa, mwulizeni Mama Irene. Nyumbani pia tulipangwa. Mlango wa jiko lake ulihamishwa mara tatu. Babu anasema ndoa yao imekuwa na amani kwa sababu alijifunza mapema kuamka asubuhi na kutafuta mlango uko wapi.

Mwezi Februari 2024 alianza kuumwa tumbo. Alipimwa, akakutwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa katika hospitali ya rufaa, akilazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, na shangazi Judith aliacha kazi zake kuwa naye. Hata wodini hakuacha. Kitanda chake kilikuwa karibu na kona ambayo machela zilikuwa zinagongana.

“Bibi, jitahidi ulale,” nesi mmoja alimwambia.

“Nilale vipi? Tangu asubuhi mnagongana hapo. Hilo kabati nani aliliweka?”

“Nimelikuta, bibi.”

“Wote mmelikuta. Sogeza kidogo tu, mwanangu, mpaka dirishani.”

Wakalisogeza. Nesi huyo alimpigia shangazi simu juzi kutoa pole, na akasema kabati liko dirishani bado.

Mwezi Aprili mwaka huu madaktari walituambia tumpeleke nyumbani. Alifurahi kurudi Katesh. Alipokea mpako wa wagonjwa, akaagana na watoto wake mmoja mmoja, na akaniuliza kama nimeshaamua nitasoma masomo gani. Nikamwambia bado nina maswali mengi. Akasema vizuri, nisiyamalize haraka. Alifariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa babu.

Jana tulimleta huku. Akina mama wa Gidamur walikuwa wametuma ujumbe kwamba tukipita njiapanda tusimame kidogo wamuage. Baba mdogo Yonas ndiye aliyekuwa anaendesha gari lililombeba bibi, na mimi nilikaa nyuma yake. Tulikuwa na magari mengi. Yonas akafikiri kwamba tukiingia stendi tutayazuia mabasi, kwa hiyo alipofika njiapanda akawasha taa ya pembeni, akapunguza mwendo, akaanza kusogea nje ya lami.

Mama Irene akatoka stendi anakuja haraka, anatupungia mkono. Akafika dirishani.

“Yonas, usisimame hapa.”

“Shikamoo, mama. Magari ni mengi, nimeona tusiwasumbue wenye mabasi.”

“Marahaba. Mabasi yatangoja, nimeshawaambia. Ingia ndani, baba. Hapa kwenye lami hatusimami.”

Yonas akaweka gia, akaingia. Mabasi yalikuwa yamesogezwa, madereva wameshuka. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa watu, na safari hii msafiri alikuwa mmoja tu. Tulisimama kwenye kibanda cha Mbulu, wakaimba kwa lugha yao, sisi tukaimba kwa yetu. Nilishuka nikatembea mpaka ukingo wa barabara nikaangalia huku na huku. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amesimama pale, na majani yalikuwa yameota mpaka yamegusa lami.

Marehemu ameacha mume, Yohanes Agustino. Watoto watatu, Patriki, Judith na Yonas. Wajukuu saba, wa mwisho akiwa Agatha ambaye bado ananyonya. Kaka yake, Mzee Modest Tluway. Na wakwe, mashemeji na ndugu wengi wa Tumati, Dongobesh, Katesh na Singida. Ametanguliwa na wazazi wake na mdogo wake Oliva, ambaye kaburi lake mnaliona hapo, na aliomba alazwe kando yake.

Alihangaika maisha yake yote ili mtu aliye njiani apate mahali pa kukaa. Mungu naye ampe mahali pake, apumzike humo kwa amani.